Breki Kwanza, Mkataba Baadaye: Ilani ya Wenye Mitambo na Maopereta wa Reli

Sisi tunaokodisha vijiko, kreni na matrela yanayofanya kazi juu ya reli Tanzania, pamoja na maopereta wanaoyaendesha na mafundi wanaoyatengeneza, tumeamua kuungana. Hatuungani ili kupanga bei. Tunaungana kwa sababu kuna jambo moja ambalo kampuni ikiwa peke yake haiwezi kulifanya ikabaki na kazi, nalo ni kukataa.

Kila mwenye mtambo anaijua ile simu ya usiku. Njia imefungwa, treni hazipiti mpaka alfajiri, mtambo uliotegemewa umekufa, lete wako sasa hivi. Ukijibu kwamba breki ya trela inavuja na fundi hajaimaliza, mkandarasi habishani nawe. Anakata simu, anampigia mwingine, na huyo mwingine anakwenda. Opereta naye yumo katika mtego huohuo: akishuka kwenye kiti akasema mtambo haufai, kesho kiti kina mtu. Tunajidanganya tukisema ajali zetu zinatokana na uzembe wa opereta. Nyingi huanza kwenye simu hiyo.

Alfajiri ya tarehe 15 Februari 2004, kaskazini mwa Uingereza, trela lililopakiwa tani 16 za vyuma vya reli lilichomoka mahali paitwapo Scout Green. Lilishuka mteremko wa Shap gizani, bila taa wala honi, mpaka likawafikia wafanyakazi wa njia karibu na Tebay. Jenereta yao ilikuwa ikiunguruma, kwa hiyo hawakusikia kinachokuja. Wanne walikufa palepale kazini. Breki za haidroliki za trela hilo zilikuwa zimeondolewa kazini, kwa kuwa kuzitengeneza kulihitaji fedha, na kilichotegemewa kulizuia ni vipande vya mbao. Mwaka 2006 mwenye kampuni iliyomiliki trela hilo alipelekwa jela. Hakuwa mgeni wa biashara hii. Alikuwa mkodishaji wa mitambo kama sisi, akitafuta tenda kama sisi.

Nasi tuna msiba wetu. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni bila kuzuilika na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Haukuhusika mtambo wa kukodi pale, na hatutaki kuwatumia marehemu kujitangaza. Lakini nchi iliyozika watu wengi hivyo haina haja ya kuelezwa chuma kikianza kushuka mlima kinakwenda wapi.

Hatari kubwa ya kijiko cha reli iko katika dakika chache ambazo watu wa ofisini hawazioni. Kijiko kinakuja kwa matairi yake mpaka kwenye kivuko, kinajipanga juu ya njia, kisha opereta anateremsha magurudumu ya chuma, mbele na nyuma. Katika mitambo mingi, magurudumu hayo ya chuma hayana breki zake yenyewe. Huzuiwa na matairi ya mpira yanayoyagandamiza. Sasa opereta akikosea mpangilio, matairi yote yananyanyuka kabla hayajayashika magurudumu ya chuma. Hapo tani kumi na kitu za mtambo zimekaa juu ya reli bila breki yoyote. Pakiwa tambarare utacheka. Pakiwa na mteremko usioonekana hata kwa macho, mtambo unaondoka, na opereta ndani yake anakanyaga breki isiyofanya kazi.

Kwa hiyo hatutapeleka tena kwenye mteremko mtambo ambao magurudumu yake ya chuma hayana breki zinazojitegemea, wala trela ambalo breki zake hazijifungi zenyewe linapokatika. Breki itajaribiwa mahali pa kazi, mbele ya msimamizi, kabla ya mzigo kupakiwa. Kabari ya mbao ni nyongeza tu, haihesabiki kuwa breki. Anayekata na kuunga ekseli ili mtambo wa reli yenye upana wa milimita 1,435 uweze kutembea kwenye ile ya 1,000 au ya TAZARA ya 1,067 ameunda mtambo mpya, na mtambo mpya unapimwa upya. Tunajua karakana ambazo zitakasirika.

Reli ya SGR imetuletea pia waya wa volti 25,000 juu ya vichwa vyetu. Mkono wa kijiko hauhitaji kuugusa ndipo uue, kuukaribia kunatosha. Na treni ya abiria ya kilomita 160 kwa saa inakula mita 44 kila sekunde, hivyo hesabu ya "nitaisikia ikija" imekufa. Tunataka umeme uzimwe na kuthibitishwa kwa maandishi, na opereta aione karatasi hiyo kwa macho yake, asisimuliwe.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003. LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, ipo, OSHA, wakala wa usalama kazini, wapo, na tutakaa nao meza moja. Uingereza wakodishaji wa mitambo ya reli wana chama chao, Rail Plant Association, na washindani wa sokoni hukaa pamoja humo kuzungumzia usalama. Hakuna kinachotuzuia kufanya vivyo hivyo isipokuwa woga wa kuibiana wateja.

Hivyo hiki ndicho kiapo cha mwanachama. Mtambo uliokataliwa na opereta wa mwenzako kwa sababu ya usalama, hutapeleka wako kuziba pengo mpaka kasoro iliyotajwa iondolewe. Opereta aliyekataa hafukuzwi, hakatwi posho, na jina lake halinong'onezwi kwa waajiri wengine. Kila mtambo uliochomoka, hata kama haukumgusa mtu, utaripotiwa kwa wanachama wote pamoja na sababu zake. Atakayeficha ataondolewa, hata awe na mitambo mingi kuliko sisi sote.

Kwa wakandarasi: wekeni gharama ya breki ndani ya zabuni, msituachie tuitoe kwenye faida. Kwa maopereta na mafundi: milango iko wazi, na kura yenu ina uzito sawa na ya mwenye mtambo. Njooni mjiandikishe.