Uchambuzi: Shahada ya uhandisi nchini Burundi ipimwe kwa mizani gani?

Mwezi Januari mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa itakayotoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati nchini Burundi. Mradi huo unazusha swali zito mjini Bujumbura: je, vijana wanaohitimu uhandisi nyumbani watashika nafasi za kitaalamu, au watabaki vibarua huku wataalamu wakitoka nje?

Jibu linategemea kwa kiasi kikubwa thamani ya shahada wanayoibeba. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, kina Kitivo cha Sayansi za Uhandisi. Kufuatia sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2011, vyuo vya nchi hiyo vinafuata mfumo wa BMD, ambapo shahada ya kwanza huchukua miaka 3 na ile ya uzamili miaka 2.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Makerere, shahada ya kwanza ya uhandisi ni ya miaka 4. Nchini Kenya ni miaka 5. Mhitimu wa Bujumbura mwenye miaka 3 pekee huonekana amepungukiwa, ingawa akikamilisha uzamili hufikia miaka 5.

Masomo ya uhandisi yenye msingi mpana yana manufaa yake. Katika wilaya ya mashambani, mhandisi mmoja anaweza kutakiwa kushughulikia bomba la maji, daraja dogo na paa la shule. Mtaalamu wa fani moja finyu hawezi kumudu yote hayo. Hata hivyo, msingi bila nyumba haumkingi mtu na mvua: bwawa la umeme au njia ya reli huhitaji ubingwa.

Kwa hiyo, idadi ya wahitimu peke yake si kipimo cha haki. Lililo muhimu zaidi ni saa ambazo mwanafunzi hutumia katika maabara na karakana, muda wa mafunzo kazini, na iwapo shahada yake inatambuliwa nje ya mipaka.

Kuhusu utambuzi huo, itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuliana vyeti vya kitaaluma. Mwaka 2012 wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia saini makubaliano yao, na Rwanda ikajiunga baadaye. Aidha, nchini Tanzania mhitimu hupitia miaka 3 ya kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Chuo pekee hakimfanyi mtu mhandisi.

Lipo pia suala la lugha. Masomo hufundishwa zaidi kwa Kifaransa, ilhali nyaraka za Tanzania huandikwa kwa Kiingereza, na mafundi kazini husemezana kwa Kiswahili. Kijana wa Buyenzi, mtaa uliozoea Kiswahili na gereji, anaweza kuwa na hazina ambayo haijaandikwa kwenye cheti chake.

Kwa mzazi anayelipa karo, basi, kuuliza iwapo mwanawe atapata shahada hakutoshi. Aulize pia ni wapi cheti hicho kitafungua mlango, na mwanawe atakuwa ameshika kazi gani kwa mikono yake kabla ya kukipokea.