Deni ndilo linalowakeshesha vijana, si simu

Ukikaa na wazee Kiomboi, Ikungi au Singida mjini, hutakosa kuambiwa kwamba vijana wa leo wanajitia magonjwa ya akili kwa kuchezea simu. Eti kijana anasoma dalili kwenye intaneti, kesho anaamka nazo. Wanaosema hivyo ni watu wa heshima, baadhi yao walimu na viongozi wa dini. Wamekosea, na kosa lao linaumiza.

Shida huanzia kwenye deni. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilianguka, huku mafuta ya kula ya nje yakiwa yameingia kwa ushuru mdogo. Mkulima aliyelima kwa trekta la kukodi na kuahidi ada ya mtoto akabaki na magunia ndani na mdai mlangoni, asijue hata msimu ujao bei itakuwaje. Hapo ndipo wengi huingia kwenye mikopo ya kausha damu ya simuni. Unachukua laki moja, wiki haijaisha deni limevimba, ukichelewa ujumbe unatumwa kwa shemeji, kwa mchungaji, kwa bosi wako, kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Walioaibishwa walikuwa wameshaaibishwa.

Mtu huyo ndiye anayeandika saa nane usiku: "dawa ya kukosa usingizi", "moyo kwenda mbio". Alikuwa anaumwa kabla hajawasha data. Kule Marekani, katika mdororo ulioanza mwishoni mwa 2007, mtafiti John Ayers na wenzake walionyesha kwamba watu waliposhindwa kulipia mikopo ya nyumba, utafutaji mtandaoni kuhusu msongo wa akili uliongezeka miezi iliyofuata. Shida ilitangulia, maswali yakafuata.

Na angemuuliza nani? Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko Dodoma, zaidi ya kilomita 200 kutoka Singida mjini. Kwenye zahanati ya kijiji, kumpata aliyesomea afya ya akili ni bahati. Akisema amejaribu kujiua, Kanuni ya Adhabu inamhesabu mkosaji. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha namna hiyo kinakiuka katiba. Bunge letu linaweza kukifuta chetu bila kungoja kesi.

Nanyi wazee wangu, mkimkuta kijana anasoma dalili usiku, msimnyang'anye simu. Muulizeni anadaiwa kiasi gani, na nani.