Tufundishe Kurekebisha Vazi

Katika somo la ushonaji tumezoea kusahihisha kazi ya mwanafunzi kwa kutazama unyofu wa mshono na usafi wa pindo. Kwa maoni yetu, linalostahili kupimwa kwanza ni hili: je, vazi limemkaa aliyelishona?

Tulijifunza jambo hili kwa aibu. Mwanachuo mmoja alijishonea blauzi ya kuvaa nyumbani, ikampwaya kifuani kwa sentimita 4. Tukamwambia, "Punguza sentimita 4," tukaenda zetu. Akaingiza kila mshono wa ubavuni sentimita 4, akakata ziada. Blauzi haikumwingia tena, nasi tukampa alama hafifu, ilhali kosa lilikuwa letu. Blauzi ina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono huunga vipande viwili vya kitambaa. Hivyo alipoteza sentimita 16. Ilimpasa kuingiza sentimita 1 tu kila upande.

Ndugu walimu watarajiwa, mtakapofundisha ushonaji, anzeni na kiolezo cha gazeti. Mwanafunzi apige bandi kwanza, avae, mwenzake ambanie ziada kwa pini. Kisha waipime na kuigawa kwa 4 ubaoni. Wasikate kitu mpaka vazi limevaliwa tena. Hapo hesabu na ushonaji vitasaidiana.

Bandi hufumuliwa kwa dakika chache, lakini kitambaa kilichokatwa hakirudi. Basi mtoto anayefumua ili arekebishe asikemewe, apewe muda.