Ruhusa za ziwani na neno la mvuvi

Mwezi wa 7 mwaka 2022 serikali ilifungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi. Hivyo vya gesi viko Ziwa Kivu. Mnada wa mafuta ulifutwa mwezi wa 10 mwaka 2024, lakini swali limebaki: mvuvi wa sambaza anasikilizwa wapi kabla ruhusa haijatolewa?

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inadai kila mradi unaoweza kuyagusa mazingira utanguliwe na uchunguzi wa hadhara. Huo si mkutano wa kupiga makofi na kunywa soda. Wenyeji wapashwe habari, haki za watu wa eneo zijulikane, na mapendekezo yao, hata ya kupinga, yapokelewe kabla ya uamuzi.

Kwetu sisi, uzito uko kwenye zile haki. Mvuvi hana hati ya maji. Anajua kwa desturi mahali anaposhusha wavu usiku, lakini ramani ya kampuni haimwonyeshi. Basi wavuvi, pamoja na mama wanaouza sambaza, waandike: ni wapi, majira gani, mitumbwi mingapi, na mitambo ingeweza kuwekwa wapi pengine. Wote watie sahihi, nakala moja ibaki kwao ikiwa na muhuri wa aliyepokea.

Na vijiji vilivyokimbia vita? Uchunguzi ukifanywa wenyeji wakiwa kambini, hilo nalo liandikwe.