Zawadi kwa Jina la Mwingine

Mwalimu anapostaafu, wanafunzi huchanga fedha wakamnunulia blanketi au saa ya ukutani. Wapo wanaoshauri kwamba fedha hizo heri zimlipie mwanafunzi fukara karo ya bweni, kwa jina la mwalimu. Rai hii si ngeni. Nchini Uingereza, shirika la Oxfam lilizindua mwaka wa 2004 mpango wa kuuza "mbuzi": mnunuzi hulipa, rafikiye hupokea kadi, na fedha huwaendea wahitaji wa mbali.

Nasi Waswahili tunayo desturi hiyo, tena imo katika sarufi yetu. Kitenzi "toa" hunyambuliwa kikawa "tolea", na Waislamu wa pwani huwatolea sadaka marehemu wao ili thawabu ziwafikie. Hata hivyo, kauli hii ya kutendea ina utata. Nikisema, "Nimemtolea Juma sadaka," je, Juma ni maskini aliyeipokea ama ni marehemu aliyekusudiwa?

Utata huo ndio unaonitia shaka. Marehemu haulizwi, lakini mwalimu yu hai, na yamkini blanketi analihitaji kweli (pensheni nazo hukawia!). Hatuna budi kumwuliza kabla ya kutoa ukarimu kwa jina lake. Ama kwa mtoto anayelipiwa, asisimamishwe gwarideni apigiwe makofi. Siku hiyo litajwe jina la mwalimu pekee. La mtoto libaki katika daftari la mhasibu wa shule.