Staji ya nyasi iwafikie vijana wa Vitshumbi

Vakansi ikifika, wanafunzi wa vyuo vya Goma na Butembo huzunguka ofisi moja hadi nyingine wakitafuta mahali pa staji. Wale wa mazingira huitamani Mbuga ya Virunga, na ukiwauliza, wengi watasema wanataka kuona gorila. Wachache huwaza nyasi za uwanda wa Rwindi, nyuma ya Vitshumbi, na huko ndiko kwenye kazi kubwa.

Mvuvi wa Vitshumbi hatacheka akiambiwa kwamba nyasi huleta samaki. Usiku kiboko hutoka Ziwa Edward, hula hadi kilo 40 za majani, kisha hurudi kunya majini. Mavi hayo hulisha vijimea na wadudu wa majini, nao hulisha tilapia. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikaribia 30 000. Hesabu ya mwaka 2005 haikufika hata 1 000. Waliuawa kwa bunduki za vita, nyama ikaliwa, meno yakauzwa. Samaki nao wakapungua, ingawa nyavu haramu zina lawama yake, hilo halifichiki.

Mwaka 2020 tembo karibu 580 walivuka kutoka mbuga ya Queen Elizabeth, Uganda. Waliangusha vichaka vilivyokuwa vimeufunika uwanda, nyasi zikafunguka, nyati wakafuata. Kule Marekani kuna vijana wanaolipwa wakati wa likizo kung'oa magugu na kukusanya mbegu za nyasi za asili. Virunga tembo wamefanya sehemu ya kazi hiyo bure. Kinachobaki ni watu wa kupima, kuhesabu na kuandika.

Lakini tangu M23 ifike Vitshumbi mwezi wa tatu 2024, nani atampeleka mtoto wa watu uwandani na daftari? Hakuna, na asipelekwe. Walinzi wa mbuga zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa katika historia ya Virunga.

Hata hivyo kuna staji inayoweza kuanza leo bila kukanyaga mbuga. Wazee waliokimbia wanajua viboko walipandia wapi, majani gani waliyapenda, vichaka vilianza kuota mwaka gani. Ujuzi huo sasa umelala chini ya maturubai na katika nyumba za jamaa. Mzee akifa, unakwenda naye. Kijana wa Vitshumbi mwenyewe ndiye anayefaa kuuandika, kwa sababu mzee humwita mjukuu na hamwogopi.

Tatizo ni pesa. Mwanafunzi mwenye baba mjini anaweza kufanya staji miezi miwili bure, akatosheka na karatasi yenye muhuri. Kijana aliyekimbia hawezi; atakwenda kuchoma makala, au mbaya zaidi, kushika bunduki. Kwa hiyo ICCN na mashirika yanayoisaidia yatoe nauli, chakula na posho, na nusu ya nafasi ziende kwa watoto wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge, hata wale ambao vita iliwakatiza masomo kabla ya diploma.