BEI IMEANGUKA, KAULI HAIJAANGUKA



Ndugu zangu katika imani, kila siku humu mitandaoni tunaona picha za wazazi waliotangulia mbele ya haki, na chini yake maneno: "Ahsante baba kwa yote." Si vibaya. Lakini leo tuulizane: hayo "yote" ni yapi? Na wewe umeyafanyia nini?

Marehemu baba yangu alikuwa mnunuzi wa mbaazi hapa Babati. Msimu wa 2017 alichukua magunia kwa wakulima wa Galapo kwa mali kauli, bei wakakubaliana. Agosti ya mwaka ule India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwao, na bei huku kwetu ikaporomoka. Mzigo uko stoo, wa kuununua hakuna. Watu wakamwambia: "Mzee, waambie bei imeanguka, watakuelewa." Nami nilikuwa mmoja wao, tena niliyepiga kelele zaidi, kwa sababu kiwanja alichotaka kuuza awalipe alikuwa ameniahidi mimi.

Akanijibu: "Mwanangu, bei imeanguka, kauli yangu haijaanguka."

Akauza. Akapanda bodaboda na daftari lake, akawalipa nyumba kwa nyumba. Mimi nikamnunia miezi kadhaa. Astaghfirullah.

Alipofariki, kabla ya kuswaliwa ikatangazwa kama ilivyo kawaida yetu: anayemdai marehemu ajitokeze. Msikiti mzima kimya. Hapo ndipo nilipoijua thamani ya kile kiwanja.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akiletewa jeneza huuliza kama maiti ana deni. Kuna aliyekuwa na deni na hakuacha cha kulilipa, akawaambia maswahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni lile. Na Suratun Nisaa imeweka wazi kuwa mirathi hugawanywa baada ya wasia na deni. Sisi je? Tunagombania shamba kabla kaburi halijakauka, dada zetu tunawanyima fungu lao, kisha tunaweka picha ya baba!

Katika daftari lile nilikuta jina moja halijapigwa mstari. Nikaenda Galapo, kumbe mwenyewe naye ameshatangulia. Warithi wake hawakuwa hata na habari. Nikawakabidhi. Hazikuwa pesa nyingi, lakini siku ile ndipo nilipohisi nimemwambia baba ahsante.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama baba yako ametangulia, ulizia madeni yake uyalipe. Gawa mirathi kama Allah alivyoamrisha. Watembelee rafiki zake, maana Ibn Umar (r.a.) alimpa bedui mmoja punda wake na kilemba chake, kwa kuwa tu mzazi wa bedui yule alikuwa kipenzi cha baba yake. Na muombee, kwani dua ya mtoto mwema ni katika mambo matatu yasiyokatika mtu akifa.

Na kama baba yako yu hai na umemnunia, usingoje kutangaziwa msikitini. Mpigie leo. Jishushe.

Ewe Mola wetu, wasamehe wazazi wetu, wapanulie makaburi yao, na utujaalie tuwe watoto wa kuwalipia, si wa kuwaongezea deni. Aamin.

Wabillahi tawfiq.